Chupa za Septemba

Sidsel aliniita nikiwa natoa mikate kwenye oveni.

"Bibi, acha hiyo mikate. Njoo uone hapa."

Mjukuu wangu akisema acha mikate, ujue si mchezo. Alikuwa amekaa kwenye meza yangu ya jikoni, tumbo la miezi saba limemsukuma nyuma kama dereva wa trekta, na mbele yake lipo wazi daftari langu la maji. Ilikuwa Jumamosi ya Machi, mwaka 2019, saa nne asubuhi. Saa nane mchana chama cha maji cha kijiji chetu cha Ravnlund kilikuwa kinakutana kupiga kura, na kura hiyo ndiyo ingeamua mtoto aliye tumboni mwa Sidsel atakunywa maji gani.

Nilieleze kwanza hilo daftari, maana mambo yote yanatoka humo.

Sisi tunaokaa bondeni hatukuwa na maji ya chama. Wenzetu wa juu, wanaokaa kulizunguka kanisa, walikuwa nayo tangu zamani. Huku chini, ingawa nasi ni wanachama, kila nyumba ilikuwa na kisima chake na pampu yake, na mashamba yanayotuzunguka yanamwagiwa mbolea ya nguruwe kila Machi, mpaka nguo za kuanika unazirudisha ndani. Mbolea inazama ardhini na chumvi yake, nitrati, inaingia visimani. Ikishaingia haina rangi wala harufu. Huijui mpaka maabara wakwambie. Maabara wanatoa namba. Chini ya hamsini unaruhusiwa kunywa. Ikipita hamsini, acha. Anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga: damu yake inashindwa kubeba hewa na midomo inageuka buluu.

Kwa hiyo tangu mwaka 1987, kila wiki ya kwanza ya Septemba, mimi Thyra, niliyesoma miaka saba tu kisha nikaenda kukamua ng'ombe wa watu, nilikuwa nachukua baiskeli na kikapu cha chupa. Napita nyumba kwa nyumba. Kila mahali nanyweshwa kahawa, nikatae nisikatae. Nakinga maji kwenye bomba la jikoni, nabandika jina la mwenye nyumba, na chupa zinakwenda mjini. Namba zikirudi naziandika: kila nyumba na ukurasa wake, kila mwaka na mstari wake. Halafu nampigia simu Egon Brask, mwenyekiti wetu, namsomea zote. Yeye anajumlisha, anagawanya, anaandika namba moja ya mwaka. Hivyo mimi nilikuwa na kurasa, na Egon alikuwa na namba moja.

Wiki mbili kabla ya mkutano Egon akatuma barua kwa wanachama wote ishirini na watatu. Halmashauri ilikuwa inapitisha bomba kubwa kutoka mjini mwezi Aprili, na bomba hilo lingepita ubavuni mwa bonde letu. Chama kikikubali, nyumba za bondeni zinaungwa na gharama tunagawana wote. Chama kikikataa, mtaro unafukiwa, lami inawekwa juu, na hakuna wa kuufungua tena kabla ya miaka kumi na mitano. Chini ya barua Egon alikuwa amechora mstari. Mwaka 2008: thelathini na saba. Mwaka 2018: thelathini na nne. Mstari unateremka taratibu kama mtu mzima anayeshuka ngazi. "Maji ya bondeni yanajisafisha yenyewe," aliandika. "Napendekeza tukatae."

Niliisoma mara tatu. Namba zilikuwa za kweli, nilimsomea mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini mimi ndiye niliyeandika kila ukurasa, na najua nilichokiandika. Namba za visima zilikuwa zinapanda.

Sidsel, ambaye amesomea takwimu chuoni huko Aarhus na ndiyo kazi yake mpaka leo, ndiye aliyenifungua macho wiki iliyotangulia.

"Egon hajadanganya, bibi," alisema. "Ana kitu tunachokiita mfululizo wa wakati: bonde zima analifanya kitu kimoja, namba moja kila mwaka. Wewe una data ya paneli: walewale unawafuata mmojammoja, mwaka hadi mwaka. Hebu niambie, mwaka 2008 tulikuwa na visima vingapi?"

"Tisa."

"Na sasa?"

"Sita. Vitatu vimefukiwa, wenye nyumba wameondoka."

"Vilifukiwa vipi? Vizuri au vibovu?"

Nikaweka kijiko mezani. Vibovu, nani anafukia kisima kizuri! Vile vitatu vilikuwa vinatoa sabini, sabini na nne, sitini na sita. Vilipofukiwa vikatoka kwenye hesabu ya Egon, na mstari wake ukashuka bila hata kisima kimoja kupona. Tangu siku hiyo nilitembea kijijini kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi kabla ya kufika mahakamani.

Sasa asubuhi hii ya mkutano Sidsel ananiita niache mikate.

"Angalia ukurasa wa Villads," alisema.

Villads ni baba mkwe wake. Mwanawe Jeppe ndiye mume wa Sidsel. Wanakaa shamba moja, nyumba mbili, kila nyumba na kisima chake.

"Mpango wetu ni kusema kila kisima kilichobaki kimepanda, sivyo?" aliendelea. "Vinne, sawa, vimepanda. Lakini Villads mwaka 2008 alikuwa na ishirini na nane. Mwaka jana, ishirini na sita. Ameshuka, bibi."

"Amepungua kidogo tu."

"Na Jeppe wangu? Kumi na nne, na mwaka jana arobaini na sita. Wengine wote wamepanda kumi na tatu, kumi na nne. Huyu thelathini na mbili! Kisima gani hicho?"

"Labda maabara walikosea."

"Wangekosea mwaka mmoja. Ona hapa: ni ghafla, Septemba 2013. Mmoja anaruka juu, mwingine anaanguka chini, na wanabaki hukohuko." Akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Bibi, una uhakika hukuchanganya chupa?"

"Mimi? Chupa zangu zina majina, Sidsel. Kila moja. Miaka thelathini na moja."

"Sijasema kwa ubaya."

"Najua."

Akaweka mkono tumboni. "Hiyo arobaini na sita ndiyo maji ninayokunywa mimi. Kama ni makosa ya kuandika, nitashukuru. Kama ni kweli, haichukui miaka mingi inapita hamsini. Nachotaka ni kujua. Na Egon akiuona ukurasa huu kabla hatujauelewa, tumekwisha."

Tuliinamia zile kurasa mpaka mikate ikapoa. Hatukuelewa. Sidsel alikuja bondeni mwaka 2016, ya nyuma hayajui. Mimi ya nyuma nayajua yote, na bado sikuona kitu.

Jumba letu la mikutano lina joto sana au baridi sana, katikati hapajawahi kupatikana. Siku hiyo lilikuwa joto. Tuliimba wimbo mmoja wa majira ya machipuo kama kawaida, ingawa nje kulikuwa na theluji ya matope, kisha kahawa, kisha keki ya kringle aliyoleta Egon mwenyewe. Egon alikuwa meneja wa kiwanda cha maziwa kabla ya kustaafu. Si mtu mbaya. Anaongoza mkutano kila mwaka kwa sababu kila mwaka hakuna mwingine anayetaka.

Villads aliniita kwenye benchi lake. "Thyra, leo umekuja na chupa au umekuja na vitendawili?"

"Nimekuja na vyote. Sogea, umejaza benchi."

"Nimejaza? Hii ni misuli."

"Ya keki."

Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka sana. Daftari lilikuwa mapajani na nilikuwa nalibana kwa mikono miwili.

Egon aliwasha projekta. Ule mstari ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango wa ghala. Akaeleza polepole, vizuri, kwa heshima. Thelathini na saba, thelathini na nne. Watu wa juu walikuwa wanatikisa kichwa kukubali. Mtu akishiba keki na akaambiwa hakuna haja ya kulipa, anakubali upesi.

"Kuna mwenye neno kabla ya kura?"

Nikasimama. Nikashika bega la Villads.

"Mimi nina kitendawili," nikasema.

"Haya, tumeanza!" mtu wa nyuma akasema, na watu wakacheka.

"Tega basi, Thyra," Egon akasema, akikunja mikono. "Lakini kifupi."

"Darasani kuna watoto tisa. Mwalimu anawapima urefu, anatafuta wastani. Mwaka wa pili anawapima tena. Kila mtoto aliyepo darasani amekua. Hakuna hata mmoja aliyefupika. Lakini wastani umeshuka. Imekuwaje?"

Mtu mmoja akasema mwalimu amelewa. Mwingine akasema kapima wamevua viatu. Mwishowe mwanamke mmoja wa karibu na kanisa, aliyewahi kufundisha watoto wadogo, akasema taratibu, "Wale warefu wamehama."

"Watatu warefu kuliko wote wamehama," nikasema. "Na visima vitatu vibovu kuliko vyote vimefukiwa. Egon, mstari wako haukushuka kwa sababu maji yamepona. Umeshuka kwa sababu waliokuwa wanaupandisha hawapo tena. Waliobaki, kila mmoja anapanda. Nimewaandika wote humu."

Nilisikia viti vinalia. Watu wa juu walikuwa wamegeuka kututazama sisi wa bondeni, na si kwa jicho la kukataa. Sidsel alinibana kidole. Nikafikiri, tumepita.

"Naweza kuliona hilo daftari?" Egon akasema.

Ungefanya nini? Unasema kila kitu kimo humu, halafu unakataa lisionwe? Nikampa.

Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaitikia kwa kichwa. Wa pili, akaitikia kwa kichwa. Wa tatu. Wa nne. Kisha kidole chake kikasimama.

"Thyra. Umesema kila mmoja anapanda."

"Nimesema."

"Huyu hapa Villads. Ishirini na nane mwaka 2008. Ishirini na sita mwaka jana." Aliinua daftari watu waone. "Huku ni kupanda kwa namna gani?"

Kicheko kikaanza upande wa juu, kikaenea.

"Na huyu Jeppe, kutoka kumi na nne hadi arobaini na sita. Samahani, Thyra, nakuheshimu, umefanya kazi hii bila kulipwa miaka na miaka. Lakini hivi vinaonekana vimechanganywa. Mstari wangu haujali chupa ipi ni ya nani, jumla ni ileile. Daftari lako linajali. Likikosea hapa, mimi nitaliamini wapi?"

"Thyra na chupa zake!" mtu akasema. "Labda nyingine ilikuwa ya pombe!"

Jeppe, kijana asiyependa kusema mbele za watu, alisimama, akafungua mdomo, akakaa tena.

"Kama hakuna lingine," Egon akasema, na sikusikia furaha katika sauti yake, "tugawe karatasi za kura."

Hapo ndipo Villads alipoinuka. Anapoinuka Villads benchi zima linajua.

"Ngojeni kwanza. Mmemcheka Thyra vya kutosha. Mwenye kisima ni mimi, na mimi nasema maji yangu ni mazuri, kwa hiyo hilo daftari halijakosea. Tangu nihamie nyumba ndogo kahawa yangu imekuwa tamu, muulizeni yeyote aliyeinywa. Kule nyumba kubwa ilikuwa chungu hata uweke sukari ya sikukuu nzima."

Alisema hivyo kunitetea, masikini, na kumbe alikuwa anamsaidia Egon, maana maji mazuri ndiyo hoja ya Egon. Watu walicheka zaidi. Karatasi zilianza kupita mkono kwa mkono.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno moja. Nihamie.

Desturi ya huku ni hii. Mzee akimwachia mwanawe shamba, anatoka nyumba kubwa anakwenda nyumba ndogo ya wazee, na kijana anaingia nyumba kubwa. Villads alifanya hivyo. Jeppe alikuwa akikaa nyumba ndogo peke yake, na siku ya kuhama wakapishana mlangoni, baba na sofa lake, mwana na kitanda chake. Mwaka uliofuata nikapita na kikapu kama kawaida. Nikanywa kahawa kwa Villads, nikabandika chupa "Villads." Nikanywa kahawa kwa Jeppe, nikabandika "Jeppe." Nikarudi nyumbani nikaandika kila namba kwenye ukurasa wenye jina lake.

Watu walihama. Visima havikuhama.

Nilielewa yote kwa mara moja, na papo hapo nikaelewa la pili: likitoka mdomoni, ni kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba kosa ni langu kweli, miaka sita, na Egon amesema sawa. Ningeweza kukaa kimya na kubaki na heshima yangu ya baiskeli na kikapu. Karatasi ya kura ilikuwa imeshafika kwa Sidsel. Aliishika bila kuiangalia. Alikuwa anaangalia tumbo lake.

"Simamisha kura," nikasema.

"Thyra, tumeshaanza."

"Egon Brask, simamisha kura! Na mtu anipe mkasi."

Sijui kama mtu aliwahi kumpigia Egon kelele namna ile tangu mama yake. Mkasi ukaletwa kutoka jikoni, ule wa kukatia karatasi za kuokea.

"Villads," nikasema, "ulihamia nyumba ndogo lini?"

"Tarehe mosi Novemba."

"Mwaka gani?"

Akafikiri. "Ule mwaka nguruwe walitoroka wakaingia kanisani. Elfu mbili na kumi na mbili."

"Egon, wewe ulikuwepo siku ya kuhama?"

"Nilikuwepo, ndiyo. Nilisaidia kubeba."

"Ulibeba nini?"

Villads akamjibia: "Alibeba saa yangu kubwa ya kusimama sakafuni! Akaigonga kwenye fremu ya mlango, mpaka leo inapiga kumi na tatu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na mara hii hakikuwa juu yangu. Nikasubiri kiishe. Nilikuwa nimeshachukua daftari mkononi mwa Egon.

"Basi sikilizeni, maana hili ni kosa langu na nitalisema mara moja tu. Chupa sikuchanganya. Nilibandika majina ya watu. Nilipaswa kubandika majina ya visima. Villads alipohama, ukurasa wake ukahama naye, ukaondoka kwenye kisima kibaya ukaenda kwenye kizuri. Jeppe vilevile, kinyume chake. Septemba 2012 walikuwa bado hawajahama. Septemba 2013 wameshahama. Angalieni namba zinaruka mwaka gani."

Nikauweka mkasi kwenye ukurasa wa Villads, chini ya mstari wa 2012, nikakata. Ukurasa wa Jeppe, palepale, nikakata. Miaka thelathini na moja sikuwahi hata kukunja kona ya daftari lile. Nikachukua nusu ya chini ya Jeppe nikaiweka chini ya nusu ya juu ya Villads. Nikafanya hivyo na zile mbili nyingine. Nikazisukuma mezani mbele ya Egon.

"Nyumba kubwa," nikasema. "Soma kwa sauti, kuanzia 2008."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ishirini na nane," akasoma. "Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na tatu. Thelathini na tano." Hapo palikuwa pamekatwa. Akapitisha kidole kwenye mkato. "Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na sita."

Hakuna aliyecheka.

"Na nyumba ndogo?" Sidsel akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema mchana ule.

"Kumi na nne mpaka ishirini na sita. Bila kuruka." Egon alikaa. Akachukua kalamu, akageuza barua yake mwenyewe, akaanza kuhesabu nyuma yake, midomo inacheza. Tulimngoja. Mtu mmoja wa juu akanong'ona kwamba daftari lililokatwa na mkasi si ushahidi, lakini Egon aliinua mkono bila kumtazama, naye akanyamaza.

Alipomaliza alisimama akaenda ukutani, akachora kwa chaki kwenye ubao ulio pembeni ya mstari wake unaong'aa.

"Nimechukua visima sita tu," akasema. "Vile vilevile sita, mwanzo na mwisho. Mwaka 2008 wastani wake ni ishirini. Mwaka jana ni thelathini na nne." Akaandika ishirini, akaandika thelathini na nne, akapiga mstari kati yao. Ulikuwa unapanda. "Thelathini na nne yangu ilikuwa sahihi. Thelathini na saba yangu ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kudhani ni darasa lilelile."

Akazima projekta.

"Sidsel," akasema, "wewe ndiye unayekaa nyumba kubwa?"

"Ndiyo."

"Unajifungua lini?"

"Mei."

Hakuuliza kingine. Akasema kura ni ya siri kama kawaida, tujaze karatasi.

Nilijaza yangu, nikaikunja mara nne. Kuhesabu kulichukua dakika kumi, nami nilizihesabu zote kwenye saa ya ukutani, maana watu wa juu walikuwa kumi na saba na sisi sita, na mfuko wa mtu ni mfuko wa mtu, hata akisikitika vipi. Sidsel alikuwa ameegemea bega la Jeppe, macho amefumba. Villads alinisogezea kipande cha kringle. Nikakiweka mapajani.

Egon alisoma mwenyewe. "Ndiyo, kumi na tatu. Hapana, tisa. Na moja imechorwa nguruwe, imeharibika."

"Nguruwe mwenyewe mzuri?" Villads akauliza.

"Mbaya sana."

Sidsel aliweka uso begani kwa mumewe na mabega yake yakatikisika, na sikujua kama analia au anacheka, labda hata yeye hakujua. Mimi nilikula kringle yangu. Halafu nikala na ya Villads.

Wiki ile ile nilichukua mkebe wa rangi nyeupe nikaenda kwa kila kisima cha bondeni, nikaandika namba kwenye mfuniko, kubwa, mtu asipoiona ni kwa kutaka. Moja mpaka sita. Nyumba kubwa ni namba nne. Nilinunua daftari jipya na kuhamishia humo kila kitu, na zile kurasa zilizokatwa nikazibandika mwanzoni kwa gundi, mkato unaonekana. Sidsel aliniambia nisizibandike. Nikamwambia ziache zikae.

Alma alizaliwa Mei, kilo nne kasoro kidogo, na sauti ya babu yake. Bomba lilifika bondeni wiki moja kabla yake.

Chupa sikuacha. Watu hawanywi tena maji yale, lakini visima bado vipo, na mtu aliyeanza kumfuata mwenzake njiani haachi katikati. Septemba ya mwaka huo namba nne ilirudi arobaini na nane. Septemba ya mwaka uliofuata, hamsini na moja. Niliiandika kwenye mstari wake, nikakaa kidogo na kalamu mkononi, huku Alma chini ya meza anagonga sufuria kwa kijiko, midomo yake myekundu kama ya mtu aliyeiba jamu, na kweli alikuwa ameiba.

Nilikuwa bado sijampigia Egon. Simu ikalia, ni yeye.

"Namba zimerudi?"

"Zimerudi."

Nikasikia anavuta kiti, anafungua karatasi.

"Haya, Thyra, nisomee," akasema. "Mojamoja. Polepole."